Mshipa ulipasuka, miezi minne sasa usingizi hauji: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

Swali lenyewe:

"Daktari habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, miaka 51. Huu ni mwezi wa nne tangu nipate kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo, ripoti ya CT, ile picha ya ubongo, imeandikwa thalamasi ya kulia, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Namshukuru Mungu sasa natembea na fimbo. Shida yangu ni usingizi. Napanda kitandani saa 3 usiku, saa 7 macho kodo mpaka alfajiri, sipati tena hata lepe. Mchana nakuwa kama mgonjwa wa malale, baada ya chai nasinzia kwenye kochi, afu nikishakula nalala saa 8 mpaka saa 11 jioni. Nilianza na Piriton, sasa nameza Valium ya mg 5 kila usiku wiki ya tatu, mwanzoni ilisaidia sasa hivi hamna kitu. Mkono wa kushoto usiku unawaka moto, shuka likigusa tu naruka. Nakwenda kukojoa mara tatu. Nikiamka napima presha nakuta 160 kwa 100, kliniki wanasema iko vizuri 136 kwa 84. Naogopa hata kufumba macho maana ile damu ilivuja usiku. Dawa zangu ni amlodipine na losartan H za presha, na atorvastatin ya lehemu, nakunywa zote usiku, na Keppra ya kuzuia kifafa asubuhi na usiku. Mke wangu amehamia chumba cha watoto anasema nakoroma mno. Naomba dawa ya usingizi iliyo salama, na je nitarudi darasani?"

Mwalimu pole sana, na hongera kwa kusimama na kutembea ndani ya muda huo, si kila mtu anafika hapo. Nianze na jambo ambalo najua halitakufurahisha, dawa ya usingizi sikupi, na wala sio kwamba nakubania. Maelezo yako nimeyasoma zaidi ya mara moja na ndani yake naona vitu si chini ya vitano vinavyokuibia usingizi, hakuna hata kimoja kinachotibiwa na kidonge cha kulalia, na viwili kati ya hivyo kidonge kinavizidisha. Halafu kile kikubwa kuliko vyote umekitaja mwishoni kabisa, tena kama malalamiko ya mke, kukoroma. Mimi ningekiweka mstari wa kwanza.

Mtu anayekoroma sana na ameshapata kiharusi, swali la kwanza ni kama pumzi yake inakatika usingizini. Ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inabana au inaziba kabisa, kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kukuzindua nusu, unavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, unarudi kulala, baada ya dakika moja mbili inaanza upya. Asubuhi hukumbuki chochote, unachojua ni kwamba umeamka umechoka, mdomo mkavu, kichwa kizito. Tunahesabu pumzi imekatika ikisimama sekunde 10 au zaidi, mtu akifikisha mara 15 ndani ya saa moja tatizo limeshakuwa la wastani, akifika 30 ni kali. Kwa watu waliopata kiharusi zaidi ya nusu wanakutwa nalo, na wengi walikuwa nalo tangu kabla ya kuugua ila nyumbani lilionekana ni kukoroma tu kwa mtu aliyechoka na kazi.

Kwanini nalikazania hili, ni kwa sababu kila oksijeni ikishuka mwili unamwaga homoni za kushtuka na presha inapanda ghafla. Mtu wa kawaida akilala presha yake inashuka, kwa asilimia 10 au zaidi, hayo ndo mapumziko ya mishipa. Mwenye kukatika pumzi hayapati, presha inabaki juu au inapanda zaidi kuliko mchana. Sasa angalia namba zako mwenyewe, kliniki 136 kwa 84, usiku 160 kwa 100. Sehemu ya hiyo 160 ni hofu sikatai, umeshtuka, umenyanyuka, unapima huku moyo unakwenda mbio, lakini siwezi kuisukumia hofu yote. Na kukojoa mara tatu nako kunaingia humu humu, moyo unaobanwa na zile pumzi zilizokatika unatoa homoni inayoziambia figo zitoe maji. Kuna watu wamehangaika na kibofu na tezi dume miaka, kumbe shida ilikuwa kooni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya shemeji, naomba umsomee hapa. Shemeji, usiku mmoja au miwili rudi chumbani, subiri mwalimu alale fofofo, washa video ya simu umrekodi dakika kumi hivi, taa ndogo inatosha ila sauti isikike na kifua kionekane. Angalia kama kuna mahali mkoromo unakatika, kimyaa, kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haisikiki, halafu anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama mtu anayetoka majini. Ukiona hivyo hesabu hizo sekunde za ukimya. Video hiyo itamsaidia daktari wake kuliko maelezo ya mdomo ya nusu saa, na mimi nikiletewa kliniki nafurahi kweli kweli. Kipimo chenyewe kamili kinafanywa mtu akiwa amelala na vifaa vya kupima pumzi na oksijeni usiku mzima, hospitali chache kubwa za mijini ndo wanacho, aulizwe daktari wa kifua au wa pua na koo. Kile kimashine cha kubana kidoleni ambacho wengi walinunua wakati wa korona kinaonyesha oksijeni ikishuka lakini hakitoshi kusema huna tatizo. Tiba ya iliyo kali ni mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, inaitwa CPAP, bei yake inauma na inataka umeme, sikufichi, lakini kabla ya kufika huko kuna mengi ya kufanya bure.

La kwanza, usilale chali. Ukilala chali ulimi unaangukia nyuma moja kwa moja. Lala ubavu, na kwa wewe mwenye upande wa kushoto dhaifu inafaa uijue namna ya kulala maana bega lililolegea likilaliwa vibaya linauma miezi. Ukilalia ubavu wa kulia, ule mzima, weka mto mnene mbele ya kifua na mkono wa kushoto uulaze juu yake wote kuanzia begani mpaka vidole, usining'inie, na mto mwingine katikati ya magoti. Ukilalia wa kushoto inaruhusiwa pia, watu wanaogopa bila sababu, ila bega livutwe mbele kidogo kwanza ili usililalie kwa juu, shemeji akusaidie kulivuta kwa kushika nyuma ya bega na sio kwa kuvuta mkono, mkono dhaifu hauvutwi kamwe. Mto mrefu nyuma ya mgongo unakuzuia kurudi chali. Kuna wanaoshona mfuko mgongoni mwa fulana wakatia mpira mdogo ule wa tenisi, ukigeuka chali unakusumbua unarudi ubavu, inaonekana kitu cha kitoto lakini inafanya kazi. Na kichwa kiinuke kidogo, tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani ni bora kuliko kurundika mito mitatu inayokunja shingo. Pombe ya jioni kama ipo iache kabisa, kwa koo na kwa presha pia.

Sasa Valium. Umeshaona inakoingia. Inalegeza misuli, na misuli ya koo ni misuli vile vile, kwa hiyo pumzi inayokatika inakatika muda mrefu zaidi na ubongo uliotulizwa unachelewa kushtuka. Halafu Valium haiishi asubuhi, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ya jana inakutana na ya leo, na huo usingizi wa malale unaousema mchana sehemu yake ni kidonge cha usiku. Mguu wako wa kushoto ukiburuza zaidi asubuhi, ukiyumba, ukisahau maneno, hiyo nayo imo. Na mtu wa fimbo akianguka na ubongo uliokwisha kuvuja mara moja sitaki hata kufikiria. LAKINI, na hapa nisikilize vizuri, usiiache ghafla leo usiku kwa sababu umesoma hapa. Umeshameza wiki ya tatu mfululizo, ukikata ghafla usingizi unaweza kuharibika zaidi, mtetemo, wasiwasi, na kwa aliyepata kovu kwenye ubongo mshtuko wa kifafa ni jambo la kweli. Nenda kwa daktari wako akupangie kupunguza kidogo kidogo. Wa duka la dawa anayekuuzia bila cheti hawezi kukufanyia hiyo hesabu.

Piriton nayo, pamoja na Phenergan, watu wanaziona dawa za mafua tu hazina neno. Zinakausha mdomo, zinafunga choo, zinazuia mkojo kutoka vizuri na zinachanganya akili ya mtu ambaye ubongo wake bado unapona. Ziache. Najua pia mtaani utaambiwa kungumanga kwenye maziwa, chembe ya kunukisha sina ugomvi nayo, ila wapo wanaokoroga kijiko kizima wakitafuta usingizi na hapo ni sumu, moyo unakwenda mbio na mtu anaona vitu visivyokuwepo. Melatonini ni homoni ya usingizi ambayo inatengenezwa kuwa vidonge, haina hatari kubwa kama hizo na haina miujiza pia, kama daktari wako akiona inafaa sawa, ila usianzie huko.

Turudi kwenye kichwa chenyewe maana unastahili kujua nini kimetokea. Thalamasi ni kama stendi kuu ya mabasi ya ubongo, karibu kila taarifa kutoka mwilini kwenda juu inapita pale, kuguswa, joto, maumivu, na pale pale ndo kuna mashine inayofunga milango ya taarifa ili ulale na kuifungua uamke. Wewe damu imevuja stendi. Ndiyo maana kwa wagonjwa wa thalamasi usingizi unavurugika sana, wengine wiki za mwanzo wanalala karibu siku nzima, wengine mchana na usiku vinabadilishana. Damu iliyovuja mwili unainyonya taratibu wiki hadi miezi, uvimbe unapungua, na saa ya mwili inaweza kujipanga tena, ila inahitaji kusaidiwa, na hapo sasa tunakuja kwenye hesabu.

Saa 3 mpaka saa 7 usiku ni masaa manne. Saa 8 mchana mpaka saa 11 ni masaa matatu. Na kule kusinzia baada ya chai tukisema nusu saa mpaka saa nzima, umeshafika karibu masaa nane. Mwalimu, unalala! Hata ukipunguza yale ya usiku yanayokatwakatwa na koo, masaa ya mtu mzima kwa siku unayapata, ila yamemwagika ovyo, na ikifika saa 7 usiku mwili hauna tena deni la kulala. Huwezi kulilazimisha. Wiki za mwanzo kulala mchana ilikuwa sawa kabisa, ubongo ulikuwa unadai. Mwezi wa nne inabidi tuanze kuyarudisha masaa hayo usiku, na nyumbani kwenu naona picha yake bila kufika, mgonjwa kwenye kochi, pazia limeshushwa, tivii iko chini chini, watoto wanaambiwa msimsumbue baba apumzike. Ni upendo na nauheshimu, ila ndo unaokunyima usiku wako.

Mimi ningeanzia asubuhi wala sio usiku. Kila siku amka saa 12 na nusu asubuhi, hata kama umelala vibaya, hata Jumapili, hata kama saa 11 alfajiri ndo ulikuwa umeanza kushikwa na usingizi mtamu, hapo ndo pagumu na hapo ndo penyewe. Toka nje. Kaa barazani au chini ya mwembe uso ukiangalia upande wenye mwanga, nusu saa au zaidi, chai unywee huko huko, mwanga wa asubuhi unaingia machoni na kuiambia ile saa ya ubongo kwamba siku imeanza na melatonini ifungwe. Mwanga wa ndani ya sebule hata uwashe taa zote haufiki hata robo ya ule wa nje. Mazoezi ya fizio yafanye asubuhi au saa 10 jioni, yasisogee usiku. Baada ya chai usikae kwenye kochi, kaa kiti cha mbao chenye mgongo, menya njegere, sahihisha daftari la mtoto, chochote chenye mikono.

Kulala mchana usikatishe mara moja. Uchovu baada ya kuvuja damu ni ugonjwa kamili na wala usikubali mtu akwambie ni uvivu, kuna siku mwili unazima tu hata kama hujafanya kazi. Ila kuna tofauti kati ya kupumzika na kulala, unaweza kujilaza umefumba macho dakika 15 mara tatu kwa siku bila kuzama. Ule usingizi wa saa 8 upunguze, wiki hii uamshwe saa 10, wiki ijayo saa 9 na nusu, mpaka ubaki wa nusu saa na uwe umeisha kabla ya saa 9 na nusu. Uamshwe kweli, simu ilie na mtu aje. Na usiku usipande kitandani saa 3. Saa 4 na nusu. Najua utakuwa unasinzia saa 2, simama, ongea na watoto, sikiliza redio. Siku tano sita za mwanzo utachukia ushauri huu, wengi huwa wanarudi wananilalamikia wiki ya kwanza, baada ya hapo saa 7 inasogea saa 8, saa 9, taratibu.

Ukiamka katikati ya usiku ushauri tunaowapa watu wazima wa afya ni kutoka kitandani kama usingizi haujaja ndani ya dakika 20 hivi, usigaegae ukaifundisha akili kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Kwako wewe tuuweke sawa kwa sababu ya mguu. Kiti kiwekwe tayari pembeni ya kitanda upande wako mzima, fimbo imeegemea pale pale mkono wa kulia unapofika, taa ndogo ya kuchaji isiyoumiza macho, na kopo la mkojo ili usiende mpaka chooni gizani. Chandarua pia, hili nalisema kwa sababu nimeona watu wakijikwaa, kile cha kuchomeka chini ya godoro mguu dhaifu unanasa kwenye ule ukingo na mtu anashuka kichwa mbele, upande wa kutokea kiwe kimekunjwa vizuri na ukifungue kwanza kabla ya kushusha miguu. Kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza, dawa za presha zinafanya kichwa kizunguke mtu akinyanyuka ghafla. Ukishakaa kitini fanya kitu cha polepole, uradi, sala, redio ya chini, bila simu, ukianza kusinzia rudi.

Na hiyo mashine ya presha itoke chumbani leo hii. Iende sebuleni. Kupima saa 7 usiku ukiwa umeshtuka kunakupa namba ya kutisha, namba inakunyima usingizi, kukosa usingizi kunapandisha presha, na kesho unapima tena. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono wa kulia ule mzima umewekwa juu ya meza, usipimie ule dhaifu, namba zake zinadanganya. Andika kwenye daftari. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 kwa watu waliovuja damu inalenga 130 kwa 80, kwa hiyo hata ile 136 kwa 84 ya kliniki mimi nisingeiita vizuri, ningeiita karibu, na daftari lako likionyesha asubuhi inapanda, daktari ana sababu ya kubadilisha dawa.

Kuhusu dawa zenyewe. Ile H kwenye losartan H ni dawa ya kutoa maji, ukiimeza usiku umejipangia safari za chooni mwenyewe. Muulize daktari wako kuihamishia asubuhi, mara nyingi haina tatizo. Amlodipine inavimbisha miguu kwa wengine, ukilala yale maji yanarudi na kuwa mkojo, kama vifundo vya miguu vinajaa inua miguu juu ya stuli saa nzima jioni ili uyamalizie kabla ya kulala. Maji kunywa mengi mchana, baada ya saa 12 jioni kidogo tu, chai ya rangi na kahawa mwisho saa 6 mchana. Keppra inaweza kuleta kusinzia, au hasira za ghafla, au kukosa usingizi kabisa, inategemea mtu. Usiiguse mwenyewe. Muulize tu swali hili, kama hukuwahi kupata mshtuko wa kifafa tangu uugue, je bado unaihitaji, kuna wengine walianzishiwa wodini kwa tahadhari tu ikasahaulika kwenye cheti.

Mkono unaowaka, shuka likigusa unaruka, hiyo siyo baridi yabisi wala mishipa ya mkononi. Ni maumivu yanayotengenezwa na thalamasi yenyewe iliyoumia, mkono wenyewe haujaumia ila taarifa zake zinafika zimeharibika, na usiku kukiwa kimya yanasikika zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni haziyagusi, na zinapandisha presha na kuongeza hatari ya kutoka damu, kwa hiyo achana nazo kabisa hata kwa kichwa kuuma, paracetamol inatosha. Dawa za maumivu ya aina hii zipo, amitriptyline kwa dozi ndogo ya usiku, gabapentini, pregabalini, na hapa unaweza kupata bahati maana ile amitriptyline inaleta na usingizi, ila daktari aangalie moyo wako kwanza, na zote hizo ukichanganya na Valium zinakulewesha, kwa hiyo zipangwe na mtu mmoja anayeona orodha yako yote. Mwambie kwa maneno haya haya uliyoniambia mimi, "shuka likigusa naruka", ataelewa.

Hofu. Damu ilivuja usiku kwa hiyo akili imeandika kwamba usiku ndo adui. Wengi wenu mnalala mkiwa mnasikiliza mapigo ya moyo, kila kichwa kikigonga mnaona ndo tayari. Mwalimu, usingizi haukupasua ule mshipa, presha ya miaka ndo ilioudhoofisha, na ule mshipa mdogo wa ndani kule thalamasi kupasuka usiku au mchana ni suala la siku ile. Kinachokulinda ni presha kushuka na kubaki chini, kukaa macho hakukulindi, kunafanya kinyume. Mwambie shemeji unachoogopa, kwa sauti, hata kiongozi wako wa dini. Na naomba ujiulize kwa ukweli, je unalia bila sababu, chakula hakina ladha, unaona umekuwa mzigo, unawaza afadhali ningekufa? Karibu mtu mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi anapata sonona, na kuamka saa 7 au 8 usiku bila kurudi kulala ni mojawapo ya dalili zake. Sio udhaifu wa imani, inatibika, kwa mazungumzo na kwa dawa pia, ila baadhi ya dawa zake zina tahadhari kwa mtu aliyevuja damu kwa hiyo zisinunuliwe dukani. Ukiwa na mawazo ya kujiua usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Lipo jambo jingine la haraka na hili nyumba nzima ijue. Kusinzia kwako kwa sasa kuna maelezo, lakini kusinzia kunakoongezeka siku hadi siku, mtu anaamshwa kwa shida, anatapika, anaongea visivyoeleweka, kichwa kimeuma ghafla kuliko siku zote, udhaifu mpya, mdomo kupinda, degedege, hiyo ni hospitali yenye CT sasa hivi, usiku huo huo, hakuna kusubiri kukuche na hakuna kumpa kidonge cha presha cha ziada nyumbani kwanza. Kuna na ile inayokuja polepole, wiki kadhaa mwendo unaharibika badala ya kutengemaa, miguu kama imeganda chini, akili inakuwa nzito, mkojo unatoka wenyewe, hiyo inaweza kuwa maji yamejaa kwenye ubongo, na inatibika kwa upasuaji wa kuweka mrija, pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo Muhimbili, wanaifanya. Watu wengi wanaona ni "kiharusi kinaendelea" wanakaa nyumbani.

Shemeji naye alale. Siku tatu za wiki kijana mkubwa wa nyumbani achukue zamu ya usiku, mlezi asiyelala anachoka vibaya.

Darasani utarudi, mimi naamini hivyo kwa namna ulivyoandika, mtu aliyepanga maelezo yake vile anaweza kufundisha. Ila sio mwezi ujao na sio ratiba kamili. Tukishapata majibu ya koo, Valium ikiisha na mchana ukaweza kukaa macho bila kupambana, mwombe mkuu wa shule vipindi viwili vya asubuhi, ufundishe umekaa, darasa la chini lisilo na ngazi, halafu uongeze muhula unaofuata. Na kama shuleni ulikuwa unakwenda kwa pikipiki yako, kwa sasa ufunguo umpe mtu mwingine, upande bajaji mpaka daktari aridhike kwamba husinzii mchana na huna kifafa.